Nani Atalinywea Gari Hili?

Illuminée hakuanza kwa kulitazama gari. Alianza kwa kulipapasa. Aliweka kiganja juu ya boneti kama mama anayempima mtoto homa, akakiondoa upesi, kisha akamgeukia muuzaji.

"Bwana Sangwa, hili gari lako limeamka kabla yetu. Lilikwenda misa ya kwanza?"

Sangwa alicheka. Alikuwa kijana mtanashati, mzaliwa wa Uganda aliyeingia Kigali baada ya vita, na kicheko chake kilikuwa kama shati lake: kimepigwa pasi.

"Nimeliwasha kidogo tu, madam. Si unajua baridi ya asubuhi."

"Hiyo baridi ndiyo tuliyoifuata," alisema Évode. "Injini ikiwa baridi inasema kweli. Ikishapashwa moto inasema anachotaka bwana wake. Tutangoja ipoe."

Évode alikuwa shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe. Alikuwa ameendesha malori ya kahawa Burundi mpaka mikono yake ikakaa kama imeshika usukani hata wakati wa kula. Wote wawili walikulia Bujumbura, watoto wa wakimbizi, na mwezi wa nane wa mwaka huo wa 1994 walikuwa "wamerudi" Kigali, mji ambao hawakuwahi kuukanyaga. Ukirudi mahali usipowahi kufika, Illuminée alipenda kusema, angalau hakuna anayekudai.

Lakini siku hiyo utani wake ulikuwa wa kujikaza. Mama yake, Mukandekezi, na binti yake Kamikazi walikuwa bado Bujumbura, mtaa wa Ngagara, na huko usiku risasi zilikuwa zikilia kama mvua juu ya bati. Mabasi yalikuwa yameacha kwenda. Njia iliyobaki ilikuwa msafara: magari ya watu binafsi yalikusanyika Kayanza, upande wa Burundi, alfajiri, askari mbele, askari nyuma, yakavuka msitu kwenda Bujumbura, na siku ya pili yakarudi vivyo hivyo. Msafara ulikuwa na sheria moja. Gari likiharibika, linaachwa. Walio ndani nao wanaachwa. Na ili kuwahi msafara wa kesho ilibidi Illuminée awe barabarani kabla ya adhuhuri, mpaka wa nchi ukiwa haujafungwa.

Mpando wa Bugarama, ulioko katika njia hiyo, aliujua. Marehemu mumewe, Arnaud, aliwahi kununua gari kwa sababu ya rangi yake, na siku ya kwanza likawafia palepale mpandoni. Walilala ndani yake wakila mahindi ya kuchoma na kuchekana hadi asubuhi. Miaka ile kulala njiani kilikuwa kisa cha kusimulia. Sasa aliyelala njiani alilala moja kwa moja.

Kwa hiyo walingoja injini ipoe, jua nalo likizidi kupanda.

Gari lenyewe lilikuwa zuri, asiseme uongo. La Kifaransa, refu, rangi ya maziwa, viti safu tatu. Lilisimama uani kwa Sangwa, lango likiwa wazi. Ng'ambo ya barabara Mukagasana, muuza makaa, alikuwa amekaa na mikono yake myeusi magotini. Pembeni yake mwanamke mwembamba mwenye kilemba kilichopauka alikuwa akichambua maharage kwenye ungo. Kibarazani pa nyumba ya jirani, Mzee Asumani alikuwa akikanyaga cherehani. Watu wa kawaida, asubuhi ya kawaida. Ila hakuna aliyewasalimia, na hiyo ndiyo haikuwa kawaida, kwa sababu katika mtaa huu wa Rwezamenyo watu husalimia hata mbwa.

"Haya tupe historia yake," Illuminée alisema. "Kila gari lina ukoo."

"Liko na ukoo safi. Lilikuwa la mzungu wa ubalozi kule Kampala. Mimi mwenyewe nimeliendesha miaka mitatu. Kazini na nyumbani, basi. Hata kuku halijamkanyaga."

"Kampala usukani si unakaa kulia? Hili liko kushoto."

"Si nimesema la ubalozi, madam? Wazungu wanakuja na magari yao na mikono yao."

Jibu lilikuwa tayari, na lilikuwa tamu. Illuminée alipenda majibu matamu kama alivyopenda sukari: kidogo. Aliyeumwa na nyoka akiona ukuti hushtuka.

Injini ilipopoa, Évode alivua koti. "Fungua kapo."

Sangwa akainama mbele ya gari, akapapasa chini ya boneti, huku na huku. Akacheka. Akazunguka, akapapasa ndani. Mwishowe Évode aliupitisha mkono chini ya dashibodi mwenyewe, akavuta, na boneti ikafunguka.

"Miaka mitatu," Illuminée alimwambia Sangwa kwa upole, "na hamjawahi kuvuana kofia?"

"Mafundi wangu ndio walikuwa wanafungua."

Évode hakuwa akisikiliza. Alikuwa amezama. Alichomoa kijiti cha oili, akakipangusa, akanusa, akasugua tone kati ya vidole. Akafungua kifuniko cha oili kutafuta ute mweupe unaoonyesha maji yamechanganyika humo. Hakukuwa na kitu. Akachungulia bomba la moshi, akapiga magoti, akalala chali katika vumbi na kuingia chini. Ilisikika sauti yake tu, kama padri ndani ya kitubio.

"Mkanda wa feni mpya. Huu wa zamani wameufunga na kuuweka akiba nyuma ya betri. Skrubu zote zimepakwa grisi. Shemeji, mtu aliyekuwa na hili gari alikuwa analipenda."

"Ni mimi," alisema Sangwa.

Ng'ambo ya barabara maharage yaliacha kulia kwenye ungo.

"Twende tulijaribu kilimani," Évode alisema akitoka, uso umejaa vumbi na furaha. "Na watu ndani. Gari tupu hata punda anasukuma."

Hapo ndipo lilipotokea jambo dogo. Sangwa alichukua ufunguo, akalizunguka gari kwa mwendo wa mtu asiyefikiri, akafungua mlango wa kulia na kuingiza mguu. Akakuta kiti, dirisha, na hakuna usukani. Akaganda, mguu mmoja ndani, mmoja nje.

Illuminée aliutazama mguu ule wa ndani. Alimngoja.

"Nilikuwa nakufungulia mlango, madam," Sangwa alisema. "Ustaarabu."

"Asante, mwanangu. Na mguu ulikuwa unanipashia kiti?"

Évode akacheka. Illuminée naye akacheka, lakini akaanza kuitazama mikono ya Sangwa. Walipofika kona ya kwanza Sangwa alitaka kuwasha taa ya kukunja kulia, na vipangusio vya mvua vikaanza kufuta kioo kikavu, kwii, kwii, jua likiwaka. Mikono ya mtu haidanganyi. Mtu aliyeendesha gari moja miaka mitatu hulala na mkewe akampapasa kama gia. Huyu hajui taa iko wapi. Hili gari hakulijua hata wiki.

Lakini gari! Walipakia vijana wanne waliokuwa wakingoja kibarua, Évode akashika usukani mwenyewe, wakaupanda mlima nyuma ya Nyamirambo, na lilipanda kama mbuzi. Halikukohoa. Mshale wa joto ulikaa katikati, mtulivu. Breki zilishika. Évode alirudi akiwa ameloa jasho la raha.

"Shemeji," alimnong'oneza, "tusipolichukua hili, sijui tutachukua nini."

Jua lilikuwa linakaribia utosini. Illuminée alimwona Kamikazi kwa macho ya moyo, amekaa sakafuni mbali na dirisha kama alivyofundishwa.

"Sawa," alisema. "Tulinywee."

Uso wa Sangwa ulibadilika kidogo. "Kunywa nini?"

Alijua vizuri. Katika nchi hii ng'ombe au shamba havihami mkono kwa karatasi peke yake, na Illuminée hakuona kwa nini gari lipungukiwe heshima ya ng'ombe. Mnunuzi huleta vinywaji, majirani wa muuzaji huitwa, na kila anayekunywa amejifunga: siku ya ugomvi atasimama aseme, nilikuwepo, nilikunywa, mali ilikuwa yake na akaiuza. Wakimbizi walibeba desturi hiyo mpaka Bujumbura, walikokuwa hawana ng'ombe wala shamba. Baba yake aliinywea hata baiskeli.

"Hayo ya wazee, madam. Mimi niko na karatasi."

"Karatasi haina koo, Bwana Sangwa. Niletee majirani."

Alimtuma Évode dukani. Kreti ilikuja: bia kwa wanywaji, Fanta kwa Waislamu, maana Rwezamenyo ushahidi una ladha mbili. Illuminée alizifungua chupa mwenyewe, akavuka barabara, sauti yake ikiwa juu na ya kuchangamka.

"Jamani majirani, nanunua gari kwa ndugu yenu! Mzee Asumani, Fanta hii hapa, baridi kama maji ya mtungi. Kunywa unishuhudie."

Mzee Asumani aliinua mguu kutoka kwenye cherehani. Alimtazama Sangwa aliyesimama langoni, kisha akaitazama chupa.

"Leo nimefunga, mama."

"Umefunga? Na kikombe hicho cha chai?"

Mzee alikitazama kikombe chake kana kwamba ni cha mtu mwingine. "Naanza sasa."

Hakuna aliyecheka. Fundi baiskeli alisema tumbo linamsumbua. Vijana waliopanda nao mlima, ambao kwa bia bure wangeshuhudia kuzaliwa kwa shetani, walikumbuka kuna mahali wanaitwa. Mukagasana aliipokea chupa, akaishika kwa mikono yote miwili, akaiweka chini bila kuitia mdomoni.

Illuminée alizirudisha kwenye kreti chupa zilizokataliwa. Alibaki na chupa moja mkononi. Akampa yule mwanamke wa maharage.

"Na wewe dada? Ninywee gari langu."

Mwanamke yule hakuinua macho. Sauti yake ilikuwa ndogo, lakini barabara nzima iliisikia.

"Mimi siwezi. Mtu hanywi kwa ajili ya kitu chake."

Mukagasana alimshika bega.

"Msimsikilize," Sangwa alisema akivuka haraka. Kicheko kilikuwa kimeisha. "Kanyange huyu kichwa chake kiliharibika kwenye vita. Alipaswa kuwa Ndera, hospitali. Karatasi ninazo mimi. Na mdogo wangu ni askari, yuko pale kwenye kizuizi. Mnataka nimwite?"

Évode alimvuta Illuminée kando. "Shemeji. Mama yuko Ngagara. Mtoto yuko Ngagara. Saa zinakwenda. Tumlipe tuondoke, mengine tutayauliza tukirudi. Funga macho."

Alitaka kufunga macho. Mungu anajua alivyotaka. Mkono wake ulikuwa tayari ndani ya pochi. Gari lilikuwa zima, barabara ilikuwa pale. Nani angemlaumu? Lakini alipogeuka alimwona Kanyange amerudia maharage, akitoa mawe moja moja, kwa uangalifu ule ule wa skrubu zilizopakwa grisi. Na Illuminée akajua kwamba hata sasa halijui gari lile. Anajua kile tu ambacho gari lilikubali kuonyesha.

Alirudi, akachuchumaa mbele ya ungo. Utani ulikuwa umemkauka mdomoni.

"Dada, gari hili lilikuwa la nani?"

"La Silvère. Mume wangu." Kanyange alionyesha kwa kidevu nyumba ya Sangwa. "Na pale ndipo kwetu. Alilinunua kwa masista, akaliosha kila Jumamosi mpaka watu wakamcheka. Mwezi wa nne walikuja kumchukua. Akawaambia, ngojeni niwaendeshe kwa gari. Wakasema hapana, wewe utakwenda kwa miguu." Alitupa jiwe. "Mimi nilijificha kwa Mukagasana, nyuma ya makaa. Niliporudi, gari lilikuwapo. Halafu huyu naye akaja."

"Nililikuta tu!" Sangwa alipaza sauti. "Nyumba ilikuwa tupu, gari limekaa bure. Nililikuta!"

"Hata jua tunalikuta kila asubuhi, mwanangu," Illuminée alisema pasipo kugeuka, "lakini hatuliuzi." Akasimama. "Haya, mwite mdogo wako. Aje anywe. Shahidi mwenye bunduki ni shahidi mzuri."

Sangwa alitazama upande wa kizuizi. Kofia za askari zilionekana kutoka pale. Sauti moja tu ingewaleta. Illuminée alikaza fundo la kitenge chake. Asiposhika mdomo wake sasa, anaweza kupoteza gari, pesa na njia, vyote kwa pamoja. Lakini aliona pia kitu kingine: Sangwa hakuwa akiita. Wakubwa walikuwa wameshatangaza kwamba mwenye mali akionekana hai arudishiwe mali yake, na mwenye mali alikuwa hapa, hai, na ungo magotini.

"Kanyange," Illuminée alisema kwa sauti ya kusikika, "mama yangu mzee na mtoto wangu wako Bujumbura. Sinunui gari lako. Naliomba, safari moja. Marobota yangu yote ya vitenge, ambayo ndiyo duka langu zima, yatalala kwako mpaka nilirudishe. Nisiporudi, vaa, uza, shona mapazia. Unanipa?"

Kanyange alimtazama kwa mara ya kwanza. Alimtazama kwa muda mrefu, kama mtu anayetafuta ute mweupe kwenye oili.

"Nakupa," alisema.

"Nani ananywa?"

Mzee Asumani alisukuma cherehani, akaja kwa kuchechemea, akanyoosha mkono. "Saumu imekwisha," alisema, akapiga Fanta funda refu. Mukagasana akainua bia yake. Fundi baiskeli tumbo lilimpona. Vijana nao wakakumbuka kwamba hakuna mahali walikoitwa. Walikunywa wamesimama, wakimtazama Sangwa juu ya shingo za chupa.

Sangwa alirudi peke yake upande wake wa barabara. Aliutazama ufunguo mkononi mwake. Kisha akavuka, akautupa ufunguo ndani ya ungo, akaenda zake upande usio wa kizuizi. Kanyange aliuokota kati ya maharage kama anavyookota jiwe, akaupangusa kwa kitenge chake, akampa Évode.

"Sikilizeni. Kwenye mpando mrefu, likiwa na mzigo, mshale wa joto unaruka mpaka kwenye nyekundu. Msisimame. Ule mshale mwongo tangu siku tulipolinunua. Silvère alikuwa akisema: tumia pua na sikio. Kama hakuna harufu, na feni inaimba, nenda tu. Na mkirudi, lisiwekwe pale. Liwekwe hapa, mbele yangu."

Évode alikunja uso. "Mama, mimi ni dereva. Kwenye nyekundu gari husimamishwa."

"Basi ukisimama, simama vizuri," alisema Kanyange, akarudi kwenye maharage yake.

Kwenda kulikuwa mteremko na sala. Bujumbura walimkuta Mukandekezi yuko tayari mlangoni na Kamikazi, mikeka, godoro, na kinu cha mvule ambacho alikataa kukiacha.

"Mama, hicho kinu kizito kuliko wewe."

"Na kina akili kuliko wewe. Kipakie."

Kikapakiwa. Asubuhi msafara uliondoka ukaanza kuupanda mlima wa Bugarama, na ukungu ulikuwa umelala juu ya migomba kama pamba iliyolowa. Hawakwenda mbali, wakapita lori dogo limesimama kando ya barabara, milango wazi, hakuna mtu. Kamikazi akauliza wenyewe wako wapi. Bibi yake alimgeuza uso upande wa pili.

Kisha mshale ukaruka.

Haukupanda polepole. Uliruka, ukalala kwenye nyekundu, ukabaki hapo. Mguu wa Évode ukaachia mafuta wenyewe, kwa mazoea ya maisha yake yote, na gari la nyuma likapiga honi. Gari la mbele likaanza kwenda mbali, likimezwa na ukungu.

"Shemeji, nyekundu."

"Naiona."

"Tukiendelea injini itakufa. Tukipumzika kidogo tu ipoe..."

"Hata lori lile lilisimama kidogo tu."

Gari la nyuma likawapita kwa kishindo. Nyuma yao sasa kulikuwa na askari tu, na askari mmoja alikuwa akipunga mkono: endeni au mkae. Illuminée aliteremsha kioo, akatoa kichwa nje, upepo wa baridi ukampiga usoni. Alinusa. Majani mabichi, moshi wa mbali, matope. Hakuna mpira unaoungua, hakuna mvuke. Alifumba macho, akasikiliza, na chini ya mngurumo wote, feni ilikuwa inaimba.

"Endelea," alisema.

"Na kama ikifa?"

"Yule mama alikataa kunywa uongo mbele ya bunduki. Atanidanganya mimi kwa mshale? Kanyaga, Évode."

Évode alifanya ishara ya msalaba, akakanyaga. Gari lilivuta pumzi, likashika mlima. Kona, na kona nyingine, jasho likimtiririka dereva shingoni, mshale umelala kwenye nyekundu kama mlevi aliyekataa kuamka. Taa za gari la mbele zikaonekana tena katika ukungu. Walipofika juu barabara ikalegea, na mshale ukarudi katikati wenyewe, taratibu, bila hata kuomba radhi.

Évode alicheka kicheko cha kama kulia. Nyuma, Mukandekezi, ambaye njia nzima alikuwa amekikumbatia kinu, akapiga kiti kwa kofi la kuridhika.

"Hili gari linanguruma vizuri. Mmelinunua kwa nani?"

"Hatujalinunua, mama," Illuminée alisema. "Ni la Kanyange. Tunalirudisha."